Mdogo wangu anataka niiache Windows 7, lakini mashine yangu ya nakshi haijui mfumo mwingine

Kwako Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka kubishana na ndugu yangu, na nimeona afadhali mtu wa nje atusikilize. Ninaendesha karakana ndogo ya kudarizi: nembo za sare, majina kwenye taulo, nakshi za mashuka na kofia. Kazi yote hupitia kompyuta moja ya mezani inayotumia Windows 7 ya biti 32 (aina ya zamani ya mfumo, kabla ya ile ya biti 64). Humo ndimo ilimo programu ya kuchorea nakshi niliyofundishwa na mwalimu aliyenipa ujuzi huu, na humo ndimo yalimo mafaili ya kila mteja niliyewahi kumhudumia. Programu hiyo haifunguki bila kidude cha kibali kinachochomekwa kwenye USB, nayo hupeleka mishono kwenye mashine kwa waya unaoingia katika ule mlango wa zamani wa pini 9 nyuma ya kompyuta. Kampuni iliyoitengeneza ilishafunga biashara, kwa hiyo hakuna toleo jipya la kuomba wala mtu wa kumpigia simu.

Kwa muda mrefu sikuona shida yoyote. Sasa kila kitu kinachotoka nje kinanigomea. Kivinjari kinanieleza kwamba hakitapata tena masasisho. Baadhi ya tovuti zinafunguka nusu, vitufe havibonyezeki, na ukurasa wa benki hunirudisha mwanzo kila ninapoingiza nywila. Wateja wananitumia michoro iliyotengenezwa kwa programu mpya, nami nikijaribu kusakinisha programu za kuifungulia, mara naambiwa kwamba hii si programu halali ya Win32, mara kwamba faili liitwalo api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll halipo kwenye kompyuta yangu. Rafiki yangu alinishauri nilitafute faili hilo mtandaoni. Nimelikuta kwenye tovuti kadhaa, ila nimesita kulipakua kwa sababu kila moja inanitaka nisakinishe kwanza kitu kingine. Hata printa tuliyoinunua karibuni haina draiva, yaani programu ndogo ya kuiunganisha na mfumo, ya Windows 7.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye hunisaidia mahesabu na mawasiliano na wateja, anasema ninalinda gofu. Anataka tununue kompyuta mpya yenye Windows 11, tuhamishe kila kitu Jumapili moja, na Jumatatu kazi iendelee. Fundi mmoja aliijaribu programu yangu kwenye Windows 11: ilisakinishwa vizuri, dirisha la kwanza likafunguka, kisha ikalalamika kwamba haikioni kidude cha kibali na ikajifunga. Ndugu yangu anasema hilo ni dogo, njia itapatikana. Lakini siku nembo isipotoka, anayesimama mbele ya mteja ni mimi.

Kuna jambo sijamwambia. Programu hii naijua hata nikiwa nimefumba macho. Ikiondoka, yeye ndiye atakayeujua mfumo mpya, nami nitakuwa mtu wa kuulizauliza katika karakana niliyoianzisha mwenyewe. Wakati huohuo siwezi kusema kwamba anakosea, maana tayari tumepoteza oda moja kwa kushindwa kufungua mchoro wa mteja kwa wakati. Je, niendelee kuitunza kompyuta hii, ambayo ni nzima kabisa na ina antivirasi, au nikubali kubadilisha? Naogopa kukosa vyote viwili.

Wako,
Mshika Sindano

Dada Mshika Sindano,

Ahsante kwa kueleza mambo kwa undani, hadi jina la faili lililokukatalia. Maelezo ya namna hiyo humwezesha mtu kujibu badala ya kubahatisha. Ninavyoisoma barua yako, una mashine inayokulisha ambayo inategemea mfumo wa zamani, una wateja na benki wanaotegemea mifumo mipya, na una ndugu mnayependana ambaye kwake jambo hili limekwisha kuwa rahisi wakati kwako si rahisi hata kidogo. Na chini ya hayo yote kuna swali la nani atashika mpini. Nitaanza na kompyuta, kisha nitarudi kwa ndugu yako.

Unasema kompyuta ni nzima, nami nakuamini. Lakini uzima wa chombo ni kitu kimoja, na chombo kuendelea kuelewana na vyombo vingine ni kitu kingine. Windows 7 ilitolewa Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama ya bure tarehe 14 Januari 2020. Mashirika yaliyokubali kulipia yaliongezewa muda hadi Januari 2023. Baada ya hapo wengine nao walijiondoa. Toleo la 109 la kivinjari cha Chrome ndilo la mwisho kukubali Windows 7, na kwa Firefox ni toleo la 115. Watengenezaji wa tovuti huandika kurasa zao wakiwalenga watu wenye vivinjari vipya, hivyo kivinjari chako kinapofika kwenye amri ambayo hakijawahi kufundishwa, kinaiacha, na kitufe kinabaki picha tu isiyofanya kazi. Kwako hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana hata ukisafisha kompyuta, ukaongeza kumbukumbu au ukasakinisha upya kivinjari hichohicho, hali itabaki ileile.

Kabla hujalaumu kila kitu juu ya mfumo, hata hivyo, tazama tarehe na saa kwenye pembe ya skrini. Kompyuta za umri huo mara nyingi huishiwa na ile betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, na ikiisha, kila ukiwasha mashine tarehe inarudi miaka nyuma. Tovuti salama hukaguliwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani bado ni miaka kumi iliyopita itavikataa vyote. Ni jambo la kuliangalia mara moja na kuliacha.

Sasa zile jumbe za makosa. Zinaonekana kama ndugu, lakini tiba zake ni tofauti. Ule wa api-ms-win-crt unahusu maktaba ya Microsoft, yaani mkusanyiko wa amri zilizo tayari, ambayo programu nyingi mpya huitegemea. Ilikuja pamoja na Windows 10 mwaka 2015, lakini Microsoft iliitolea Windows 7 pia, katika sasisho namba KB2999226, ambalo huhitaji uwe kwanza na Service Pack 1, yaani fungu kubwa la masasisho ya Windows 7. Programu iliyokwama hapo tu huenda ikafunguka ukipata sasisho hilo kutoka kwa Microsoft yenyewe. Ulifanya vyema kutolichukua faili lile kwenye tovuti za kupita njia, kwa kuwa faili la dll linaloletwa na mtu usiyemjua huingia ndani ya programu yako na kufanya lolote alilotaka aliyelileta. Ule wa pili, wa programu isiyo halali ya Win32, kwa kawaida maana yake ni kwamba programu imetengenezwa kwa biti 64 ilhali mfumo wako ni wa biti 32, na hapo hakuna sasisho litakalosaidia. Upo pia wa tatu ambao huenda ukakutana nao, unaotaja KERNEL32.dll na jina la amri isiyopatikana ndani yake. Huo unakwambia kwamba programu inaiomba Windows huduma ambayo Windows 7 haikuwahi kuwa nayo. Nimekaa hapa kidogo ili usije ukapoteza jioni nyingi ukihangaikia ugonjwa usio na dawa huku ule wenye dawa ukiwa karibu nawe.

Kuhusu antivirasi, naomba nikuulize: unatarajia ifanye nini hasa? Antivirasi huwatambua wavamizi, na hufanya hivyo vizuri pale inapowajua, lakini haizibi tundu lililo kwenye mfumo wenyewe. Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani ikipitia kasoro iliyokuwa kwenye utaratibu wa Windows wa kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro hiyo Machi ya mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameyaweka, na wengi wao walikuwa na Windows 7. Ndani ya mtandao mmoja iliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu yeyote kubofya chochote. Kompyuta yako sasa iko katika hali ambayo matundu yanayogunduliwa hayatengenezewi kiraka, na humohumo unaingiza nywila ya benki. Katika barua yako yote, hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kuliko hata ile oda iliyopotea.

Lakini matumaini ya ndugu yako nayo yanahitaji kupimwa. Windows 11 ipo ya biti 64 pekee. Programu za kawaida za biti 32 bado hufanya kazi ndani yake, na ndiyo sababu dirisha la kwanza la programu yako lilifunguka kwa fundi. Draiva hazina nafasi hiyo: lazima ziwe za biti 64 na ziwe zimetiwa saini inayokubalika. Kidude chako kilikwama hapo, na ile njia ya kubofya sifa za programu na kuchagua iendeshwe kana kwamba iko kwenye Windows 7 haisaidii, kwa sababu inaihadaa programu tu, draiva haiguswi. Hata hivyo, jaribio la fundi lina habari njema ambayo nadhani nyote wawili hamkuiona: programu yenyewe inaonekana kuwa hai kwenye mfumo mpya, kilichokosekana ni kibali. Vidude vya aina hiyo mara nyingi hutengenezwa na kampuni nyingine kabisa, na mwenye programu huvinunua kwao. Kigeuze chako usome jina lililoandikwa juu yake. Ikiwa mtengenezaji wa kidude bado yupo, inawezekana ana draiva ya biti 64 ya kifaa hichohicho hata kama aliyekuuzia programu alikwisha kutoweka.

Ikifaulu, utabaki na suala la mlango wa pini 9, ambao kompyuta nyingi mpya hazina. Viunganishi vya kuubadilisha kuwa USB vipo, ingawa programu za zamani zingine hutafuta mlango uitwao COM1 tu, na fundi atalazimika kukipa kiunganishi jina hilo katika orodha ya vifaa. Ipo mashine inayokubali bila shida na ipo inayodondosha mishono katikati ya kazi. Hilo huwezi kulijua bila kushona nembo nzima, kubwa, yenye rangi nyingi, juu ya kitambaa kisicho cha mteja.

Nikirudi nyuma kidogo, naona kwamba swali lenu la kuibakisha au kuibadilisha linachukulia kwamba lazima iwe kompyuta moja. Kompyuta yako imebeba kazi mbili ambazo hazizeeki kwa kasi moja. Kuchora nakshi na kupeleka mishono hakujabadilika tangu ulipofundishwa. Benki, barua pepe na michoro ya wateja hubadilika kila mwaka. Kazi hizi zinaweza kutenganishwa: ya zamani ikatwe kabisa na intaneti na ibaki na mashine, na nyingine, si lazima iwe mpya sana, ipokee kila kitu cha nje pamoja na ile printa. Wapo wengi wenye mitambo ya zamani wanaoishi hivyo. Hatari yake ni kwamba mawasiliano ya kompyuta hizo mbili yatapitia kwenye flashi, na flashi hubeba virusi kwa urahisi, kwa hiyo itawabidi mwe na moja isiyotoka nje ya karakana, mwikague kwenye kompyuta mpya kila mara, na mzime ile tabia ya Windows ya kufungua flashi yenyewe. Hatari nyingine haina haraka lakini haikwepeki: diski ya zamani itakufa siku moja, na mpango huu hauizuii, unaahirisha tu.

Njia nyingine ni kuiweka Windows 7 ndani ya kompyuta mpya kama kompyuta pepe, kwa programu kama VirtualBox. Mfumo wa zamani huishi ndani ya dirisha, ukiwa umezimiwa mtandao, na kidude cha USB huelekezwa huko ndani. Ninaipenda njia hii kwa sababu kompyuta nzima inakuwa faili moja kubwa unaloweza kulinakili, na chombo kikifa unalihamishia kwingine. Isipokuwa vidude vingine vya kibali hukataa kufanya kazi ndani ya kompyuta pepe, na leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta yenyewe imefungwa na kompyuta hiyo, hivyo itabidi ujue yako ni ya aina gani. Windows 10 ya biti 32 ingeweza kupokea draiva za zamani za biti 32, na huenda fundi akakushauri hivyo. Ujue tu kwamba muda wa kawaida wa msaada wake nao ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Linux, mfumo mwingine usio wa Microsoft, sitaisemea sana, kwa kuwa vidude vya kibali huko huleta taabu kubwa zaidi.

Na ipo njia ya kuiaga programu yenyewe. Kuna Ink/Stitch, programu huria ya kuchorea nakshi isiyolipiwa, inayofanya kazi ndani ya Inkscape na inayosoma na kuandika miundo mingi ya mashine, ukiwemo wa DST. Hapa uwe mwangalifu, maana watu huambiwa kwamba mafaili yote yatahamishika na kweli yanahamishika, ila si kwa namna walivyodhani. Faili la DST lina mishono: sindano ishuke wapi, iruke wapi, ibadilishe uzi lini. Halina rangi zenyewe, wala halina umbo ulilolichora kabla ya kuligeuza mishono. Ukilikuza, unaweza kupata nafasi zinazoonyesha kitambaa. Ukilipunguza, uzi unarundikana. Mafaili yenye maumbo kamili kwa kawaida hufunguka katika programu iliyoyaunda tu. Kwa hiyo nembo ambazo wateja hawabadilishi ukubwa zinaweza kuhama kama mishono bila hasara, na zile za kubadilishwabadilishwa zitahitaji kuchorwa upya. Wewe ndiye unayejua zipi ni nyingi.

Mtakayoichagua, Jumapili moja haitoshi, na hapo nadhani unaweza kuwa imara bila kugombana. Kabla ya kugusa chochote, fundi achukue nakala ya diski nzima, mfumo pamoja na programu na mafaili, aiweke kwenye diski nyingine, kisha muiwashe kompyuta kwa diski hiyo mpya na kuona kama programu inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa sioni sababu ya kuiamini. Na kompyuta ya zamani isiuzwe wala kufutwa mpaka mmeshona kazi halisi za wateja kwa mpangilio mpya.

Nikija kwa ndugu yako: umesema unaogopa kuwa mtu wa kuulizauliza. Hofu hiyo haina aibu, na naona haihusu Windows sana. Lakini jiulize na upande wake. Huenda yeye kila asubuhi anaogopa kuikuta skrini nyeusi, na anajua kwamba siku hiyo lawama zitamfika kwa kuwa yeye ndiye "mtu wa kompyuta". Umemweleza jinsi mchoro unavyogeuka mishono? Je, amewahi kukaa kwenye kiti chako akachora nembo hadi ikatoka kitambaani? Pengine asiyejua ugumu wa kazi hiyo ndiye anayeona ni rahisi kuihamisha. Mnaweza kugawana, yeye akishika kompyuta ya nje na wewe ya ndani, na kila mmoja akabaki na heshima yake. Ila mgawanyo huo una hatari kwamba mmoja akiugua karakana inasimama. Au mnaweza kuamua kwamba mfumo mpya, wowote utakaokuja, utasakinishwa wewe ukiwa umekaa mbele ya kibodi na yeye au fundi akiwa pembeni anaelekeza, hata kama itachukua muda mrefu zaidi, na nywila zote ziandikwe mahali mnapopajua wote wawili. Utamwambia hofu yako kwa maneno gani, mimi siwezi kukuchagulia, lakini nadhani mazungumzo ya draiva yatakuwa mepesi zaidi akishaijua.

Ukipenda kuniandikia tena, niambie jina lililo kwenye kidude, idadi ya nembo ambazo wateja huomba zibadilishwe ukubwa, na kama mashine yako ya kudarizi inaweza kusoma mishono kutoka kwenye flashi bila ule waya. Hilo la mwisho, likiwezekana, litakupunguzia sehemu kubwa ya mzigo kabla hata hujanunua chochote.

Wako,
Mshauri